Kaunta ya jikoni ya epoksi: inafaa kwa mapishi yetu ya Zanzibar au ni pambo tu?

#1 MkaaziKwerekwe
Assalaam alaykum wakuu.

Natengeneza jiko upya huku Mwanakwerekwe. Kaunta iliyopo ni ya zege imebandikwa vigae vyeupe, na maungio ya vigae yameshakuwa meusi, hayatakati hata yasuguliwe na nini. Fundi kaniletea picha za kaunta za epoksi, ile plastiki ya maji inayomiminwa ikaganda, rangi ya bahari na povu pembeni, anasema atamimina juu ya vigae hivyo hivyo bila ya kuvunja kitu. Mke wangu kaziona hizo picha, basi tena, graniti hataki hata kuisikia.

Mie nasita. Kwetu kunapikwa kila siku, kuna gesi na kuna seredani, na samaki wanakatiwa pale pale juu. Urefu mita 3, upana sentimita 60. Mwenye nayo nyumbani kwake atwambie faida na hasara. Aliyeiona Instagram tu apite.

#2 KichwaNgumu
Mie nimeiona Instagram. Napita.

#3 UmmuRayyan_Bububu
Waalaykum salaam. Mie ninayo, tokea kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Uzuri wake sikufichi: haina maungio, unapitisha kitambaa mara moja imekwisha, mchuzi ukimwagika haupenyi popote. Kila mgeni lazima aipapase.

Ila nina mawili. La kwanza, mwanangu alitua sufuria ya mafuta aliyokaangia sambusa, hata dakika haikufika, pakabaki duara. Ukipitisha kidole unalihisi mpaka leo. La pili, upande mmoja umegeuka njano. Ilikuwa nyeupe yenye mishipa ya kijivu, sasa upande ule ni rangi ya samli. Fundi nikimpigia simu hapokei.

#4 Seremala_Fuoni
Duara halina ubishi. Epoksi nyingi zinazojikausha zenyewe bila ya kuchomwa kwenye tanuri huanza kulegea zikifika joto la nyuzi 50 mpaka 60 hivi. Maji yanayochemka yako nyuzi 100, na mafuta ya sambusa yanakaribia 180. Zipo zinazouzwa kuwa zinahimili zaidi ya hapo, lakini hata hizo ni kwa kugusa na kuondoa, si kuifanya kaunta iwe figa. Weka kipande cha mbao cha kutulia sufuria. Na kisu kisiguse. Mwenye kaunta ya epoksi anunue ubao wa kukatia siku ile ile.

Njano ni jua. Epoksi ikipigwa na mionzi ya UV hugeuka njano. Dawa wanazotia kiwandani hupunguza mwendo, hazizuii.

#5 MpishiWaUrojo
Jua gani ndani ya jiko? Bibie, jibu swali moja tu: bizari na manjano unakaangia upande gani? Mie nauza urojo, sina chombo cha plastiki hata kimoja ambacho si cha njano, na vyote vinakaa kivulini.

#6 UmmuRayyan_Bububu
Jiko la gesi liko upande ule ule. Na dirisha nalo liko upande ule ule, linatazama magharibi. Msinigombanishe.

#7 Seremala_Fuoni
Magharibi! Jua lote la alasiri. Nimemaliza.

#8 UmmuRayyan_Bububu
Niwaongezee. Pale pembeni ya jiko kulikuwa na kikapu cha vitunguu hakijasogezwa tokea ilipomiminwa. Nimekiondoa sasa hivi. Chini yake peupe, kama siku ya kwanza, hata alama za ukindu zimejichora ukingoni.

#9 Seremala_Fuoni
Kivuli cha kikapu. Jua.

#10 MpishiWaUrojo
Kikapu kimezuia mchuzi. Manjano.

#11 KichwaNgumu
Hiki kikapu kimewashindia kesi wote wawili, kipewe uwakili.

#12 Mkemia_Tunguu
Habari zenu. Seremala na Mpishi, kuna kitu kimoja mnakiacha. Rangi ya manjano ya bizari hupauka juani. Ndiyo maana nguo iliyoingia mchuzi mama zetu huifua kisha wakaianika kwenye jua kali, doa likaondoka. Epoksi kinyume chake, kila ikikaa juani inazidi. Kwa hivyo kama njano ya Bububu inazidi pale jua linapopiga, Mpishi hana hoja.

Lakini sikubali moja kwa moja kuwa ni jua tu. Epoksi hugeuka njano hata kwa joto, na joto la jiko la gesi kila siku si dogo. Halafu kuna mchanganyo. Resini (uji wenyewe wa epoksi) na hadina (dawa ya kuugandisha) lazima viingie kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, 1 kwa 1 au 2 kwa 1. Watu wanafikiri kuzidisha hadina kutaharakisha kukauka. Hakuharakishi, ile ya ziada inabaki ndani haina wa kushikana naye, kaunta inakuwa laini na rangi inaharibika mapema.

#13 Seremala_Fuoni
@Mkemia kama ni mchanganyo, basi na chini ya kikapu pangekuwa njano. Ndoo ilikuwa moja.

#14 Mkemia_Tunguu
Si lazima. Mchanganyo mbaya unaweza kungojea joto ndiyo ujitokeze. Chini ya kikapu pamekingika na joto pia.

#15 Seremala_Fuoni
Haya. Kikapu kimeshinda tena.

#16 Nahodha_Mkokotoni
Mie si mtu wa majiko, natengeneza boti za faiba. Lakini nina suali. Bibi wa Bububu, siku ya kumimina nyumba ilinuka vipi? Kwa sababu kuna mafundi wanachukua resini ya boti, ile ya poliesta, wanamwambia mteja ni epoksi. Ya poliesta inanuka kali mpaka kwa jirani, na katalisti yake, dawa ya kuigandisha, inatiwa kidogo sana, asilimia 1 mpaka 2. Epoksi hadina yake ni nyingi, na harufu haifiki pale. Poliesta inasinyaa zaidi ikikauka, inapasuka pembeni, na isipotiwa dawa jua linaibadilisha vibaya. Kwenye boti haitupi tabu, juu yake tunapiga jelikoti, tabaka la nje la kuikinga.

#17 UmmuRayyan_Bububu
Harufu ilikuwepo, tulihamia kwa mama. Lakini kulikuwa na rangi ya ukutani vile vile siku ile, sijui harufu ya nani. Chupa nakumbuka mbili, moja kubwa, moja ndogo.

#18 Nahodha_Mkokotoni
Ndogo kiasi gani? Ya dawa ya kikohozi au ya maji ya kunywa?

#19 UmmuRayyan_Bububu
Baina ya hizo.

#20 KichwaNgumu
Jibu la mwanasiasa hilo.

#21 Fundi_Mdogo
Kwa mleta mada, hesabu yako ni mita 3 mara 0.6, sawa na mita za mraba 1.8. Lita 2 zinatosha na zinabaki.

#22 Seremala_Fuoni
@Fundi_Mdogo utamuaibisha mtu. Lita 1 inatandaza mita ya mraba 1 kwa unene wa milimita 1. Hiyo ni rangi, si kaunta. Mimino la kawaida ni milimita 3, kwa hivyo 1.8 mara 3 ni lita 5.4. Ongeza inayomwagika pembeni kufunika ukingo wa mbele, na ile ya mpako wa mwanzo wa kuziba vitundu. Asinunue chini ya lita 7. Ikipungua katikati ya kazi ndiyo umekwisha, kwa sababu ya kwanza haikungojei.

Na ukishachanganya usiiache kwenye ndoo. Resini na hadina vikikutana vinatoa joto vyenyewe, na vikiwa vingi pamoja joto halina pa kutokea. Ndoo inafuka moshi, plastiki inajikunja. Imwage mapema itandae. Wakati wa kaskazi, mchana, muda wako wa kufanyia kazi unaweza kuwa nusu ya ule ulioandikwa kwenye kopo. Mie humimina asubuhi mapema.

#23 Mpemba_Wete
Vyote hivyo vya nini? Weka graniti ukalale. Moto haiogopi, kisu haiogopi, jua haiogopi.

#24 KichwaNgumu
Mpemba kasema graniti! Leo kafungua mkoba.

#25 Mpemba_Wete
Mpemba ananunua mara moja yakhe, nyie mnanunua kila mwaka.

Lakini nikiri jambo moja. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Ya mita za mraba 1.8 ni karibu kilo 100. Sisi huku lazima ipande meli, ishuke Mkoani au Wete, ipande gari, na barabara ya ndani unaijua. Ya jirani yangu ilifika vipande viwili, na pale palipovunjika ndipo tundu la sinki lilipokatwa. Ikishapasuliwa tundu pembe zake ni nyembamba, ukiibeba imelala inakatika. Ibebwe imesimama. Epoksi inasafiri kwenye madumu, hapo nawapa haki yao.

#26 MkaaziKwerekwe
Shukran nyote. Mbona mnanitia hofu zaidi? Hakuna hata mmoja aliyeridhika?

#27 Kaka_wa_Paje
Mie nimeridhika. Nina kaunta ya baa ya juisi na kahawa ufukweni, ubao wa mwembe umemiminiwa epoksi juu, na katikati ya ubao kuna ufa umejazwa resini ya bluu. Watalii wanaipiga picha kabla ya kuagiza. Ina miaka na haijanisumbua, kwa sababu tatu: havituliwi vyombo vya moto, ni glasi za baridi tu, rangi ya ubao ni ya kahawia, kwa hivyo hata ikiwa imepata unjano nani ataona, na kila ikichakaa naipiga msasa, naifuta, namimina tabaka jembamba, inarudi mpya. Graniti ikichunika utafanya nini?

Kwa hivyo tatizo la Bububu ni kuchagua nyeupe.

#28 Mpemba_Wete
Kwa hivyo iko salama ukiwa hupiki. Hebu mpelekee mke wa mleta mada habari hiyo.

#29 FundiZege_Chake
Mmezungumza jua na moto, hakuna aliyegusa unyevu, na hapa kwetu unyevu ndio mwenye nyumba. Mambo mawili tofauti, watu huyachanganya.

Kwanza unyevu wa hewani. Ukimimina wakati wa masika, au siku ya mchoo hewa imejaa maji, hadina inakutana na unyevu na hewa ya kaboni kabla ya kushikana na resini. Asubuhi unakuta juu pana utando wa mafutamafuta, unateleza, au weupe wa ukungu. Wengi wanadhani ni mafuta ya jikoni. Huondoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lakini uoshe kabla ya kupiga msasa au kumimina tabaka la pili. Ukipiga msasa kwanza unausambaza, na tabaka la juu linabanduka.

Pili, unyevu wa chini, na huu ndio mbaya. Zege mpya iache siku 28 kwa uchache. Zege ya zamani kama ya mleta mada, gundisha karatasi ya plastiki juu yake pande zote nne kwa utepe, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa ndani ya plastiki pana jasho, usimimine. Epoksi haipitishi maji, kwa hivyo maji yanayotaka kupanda yataisukuma kutoka chini. Na kama zege ilichanganywa na mchanga wa pwani, chumvi iliyomo haitakoma kuvuta unyevu. Nimeziona nyumba za namna hiyo, rangi haikai ukutani mwaka mzima.

#30 MkaaziKwerekwe
Lakini juu ya zege kuna vigae. Nitie plastiki juu ya vigae?

#31 FundiZege_Chake
Kigae kinaficha. Ng'oa kimoja pembeni ya sinki upime hapo. Ikiwa pakavu, vigae vinaweza kubaki, lakini viparuzwe na msasa mkali mpaka mng'ao wote uondoke, mafuta yaoshwe, na maungio yajazwe yawe sawa. Ukimimina juu ya maungio yasiyojazwa, epoksi inazama humo na baada ya siku unaona mistari ile ile ya vigae chini ya bahari yako ya bluu.

#32 Seremala_Fuoni
Nakubaliana na Chake kasoro neno moja. Kung'oa kigae kimoja hakutoshi, upande wa sinki daima una maji. Angepima na upande wa pili.

#33 Mama_Kiponda
Wanangu, nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Zinavuta maji na kuyatoa. Kaunta akimimina hayanihusu, lakini mtu asije akapaka plastiki hizo ukutani kwenye nyumba za kule, ukuta utaoza kwa ndani. Jirani yangu alipaka rangi ya mafuta tu, chokaa yote ikamwagika nyuma yake.

Zamani baraza tulizipiga niru, chokaa ya kusuguliwa mpaka ikang'ara, baridi ukikaa, ngumu.

#34 MpishiWaUrojo
Bi mkubwa shikamoo. Kwa jikoni niru haifai lakini. Ndimu na ukwaju vinakula chokaa. Hata marumaru halisi vinaitafuna, inabaki imefifia pale matone yalipodondokea. Meza yangu ya kwanza ya biashara ilikuwa ya marumaru, ndimu iliimaliza.

#35 Mama_Kiponda
Marahaba. Ndimu tulikatia kwenye sinia, hatukuikatia kwenye baraza.

#36 KichwaNgumu
Mpishi, urojo wako unauziwa wapi? Mada imenitia njaa.

#37 MpishiWaUrojo
Njoo Darajani jioni, uliza penye foleni.

#38 Nesi_Mstaafu
Mbona hakuna anayesema afya? Ikishakauka kabisa kwa kawaida haina neno. Ila "kukauka kabisa" si kesho yake. Baada ya siku moja mkono haunati, baada ya siku tatu unaweza kuweka vitu vyepesi, lakini nyingi zinataka wiki nzima na zaidi ndiyo zimalize. Watu wanapika juu yake siku ya pili.

Na hatari kubwa ni ya fundi, si ya mwenye nyumba. Resini mbichi ikiingia ngozini mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, vipele na muwasho, na ukishakuwa hivyo basi ni maisha, hata tone dogo litakuwasha. Glavu zivaliwe, na za naitraili, zile nyembamba za mpira wa kawaida hazikingi vizuri. Wakati wa kupiga msasa, barakoa.

#39 Fundi_Mdogo
Sisi tukimaliza tunanawa kwa thina, inatoka yote.

#40 Nesi_Mstaafu
Ndiyo hasa msifanye! Thina inaipeleka ndani ya ngozi. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni na maji mengi.

#41 Kaka_wa_Paje
Na wadudu msisahau. Taa ikiwaka usiku, kumbikumbi wote wa kijiji wanaingia kwenye resini. Mie nilifunga chandarua juu ya kaunta kutoka ukuta mpaka ukuta, na bado kuna mbu mmoja yumo ndani pembeni ya mashine ya kahawa. Watalii wanadhani nimemtia makusudi, wananiuliza ana umri gani.

#42 MkaaziKwerekwe
Nimezungumza na mke wangu. Anasema basi igawiwe: upande wa jiko na wa kukatia samaki iwe graniti kipande kifupi, upande wa dirisha hadi mlangoni epoksi ya bluu. Dirisha letu linatazama kusini. Mnaonaje?

#43 Mpemba_Wete
Mke wako ana akili kukushinda. Kipande kifupi hata meli hakiogopi.

#44 Seremala_Fuoni
Inawezekana, lakini yanapokutana usimimine epoksi ikashikana na jiwe moja kwa moja. Vinapanuka tofauti vikipata joto, utapata ufa. Acha nafasi ndogo ujaze silikoni.

#45 Nahodha_Mkokotoni
Sikubaliani. Epoksi inashika jiwe vizuri. Ikiwa zote mbili zimekaa juu ya zege moja isiyotikisika, ufa utatoka wapi?

#46 Seremala_Fuoni
Utatoka kwenye moto wa gesi upande mmoja na kivuli upande wa pili. Boti yako haina jiko.

#47 Nahodha_Mkokotoni
Boti yangu ina injini.

#48 Mkemia_Tunguu
Kabla hamjamaliza hilo, mie bado niko Bububu. @UmmuRayyan_Bububu jaribio ni rahisi: paka manjano kidogo pale peupe palipokuwa na kikapu, tone moja juani, la pili funika kwa kopo lisilopitisha mwanga. Uyaache wiki. La juani likipauka na kaunta yenyewe ikaanza unjano, Seremala kashinda. Chini ya kopo nako kukigeuka njano pembeni ya doa, ni joto au mchanganyo.

#49 MpishiWaUrojo
Na likibaki palepale juani?

#50 Mkemia_Tunguu
Basi nitakuja mwenyewe kuiona.

#51 UmmuRayyan_Bububu
Nipake manjano kwa mkono wangu sehemu pekee iliyobaki nyeupe? Tena mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Mkoani. Kikapu nimeshakirudisha pahala pake.